Udaktari: Je, Vyuo Hutazama Sayansi Peke Yake au Gredi Zote?

Swali: *Binti yangu yuko kidato cha tatu na hana neno jingine ila udaktari. Muhula uliopita alipata A ya Biolojia, A- ya Kemia, A- ya Hisabati, A- ya Kiswahili, B+ ya Fizikia, B ya Kiingereza na B- ya Historia. Gredi ya wastani ikawa B+. Mwalimu anayemfundisha jioni anasema Historia iache ipite ipitavyo, kwa kuwa vyuo vya udaktari hutazama sayansi tu. Mjomba wake aliye Minnesota naye anasema huko alama za sayansi hupigiwa hesabu yake peke yake. Hayo masomo saba anayabeba ya nini basi? Mama, Malindi.*

Jibu: Mama, mwalimu wa jioni usimfuate katika hili. Mjomba anasema kweli, lakini ni kweli ya Marekani. Binti yako atapimwa kwa kanuni ya Kenya, na kanuni hiyo haimwachii mtu nafasi ya kudharau somo lolote kati ya saba. Nitakuonyesha kwa gredi zake mwenyewe, maana hili ni jambo la hesabu na mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kulihakikisha.

Mtoto wa Kenya hukaguliwa mara mbili, na watu wengi huzichanganya hizo mara mbili wakadhani ni moja.

Mara ya kwanza ni mlangoni. Hapo swali ni moja: je, ana kiwango cha chini kinachotakiwa katika masomo yanayohusu kozi? Kwa udaktari masomo hayo ni manne: Biolojia, Kemia, kisha Hisabati au Fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili. Kiwango kinachodaiwa ni B kamili katika kila moja. Mwanafunzi mwenye A- ya wastani ambaye Kemia yake ni B- amekwama hapo hapo, hata kama Historia, Jografia na Dini zote ana A. Hakuna somo linaloweza kuifidia Kemia. Kwa hiyo wanaosema sayansi ndiyo kila kitu wanauona mlango huu, na mlangoni wana haki. Binti yako amekwisha uvuka kwa nafasi nzuri.

Shida ni kwamba watahiniwa wanaouvuka ni wengi kuliko viti. Hapo ndipo KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo vikuu tangu lilipochukua kazi ya ile bodi ya zamani ya JAB, linapowapanga foleni. Foleni hiyo hupangwa kwa pointi za klasta, yaani kundi la yale masomo manne ya kozi, na ndani ya pointi hizo gredi ya jumla imo, tena imo kwa uzito kamili.

Kanuni ambayo walimu na wanafunzi wengi huitumia kukadiria ni hii. Chukua pointi za yale masomo manne ya klasta, ugawanye kwa 48, ambayo ndiyo jumla ya A nne za pointi 12 kila moja. Chukua pointi za masomo yote saba, ugawanye kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Ukiitazama kanuni hiyo vizuri utaona kwamba masomo manne na masomo saba yamekaa sawasawa chini ya kipeuo kimoja. Hakuna upande uliopewa nguvu kubwa kuliko mwenzake.

Sasa tumweke binti yako humo. Biolojia 12, Kemia 11, Hisabati 11 na Kiswahili 11: jumla ya klasta ni 45 kati ya 48. Hiyo ni klasta ya mtu anayestahili kuota udaktari. Ongeza Fizikia 10, Kiingereza 9 na Historia 8, na masomo saba yanafika 72 kati ya 84, ambayo ni B+. Piga hesabu na unapata pointi 43.03.

Chukua mwanafunzi wa pili, ambaye sayansi zake ziko chini kidogo ya za binti yako. Klasta yake ni 44, lakini hakuzembea kwingine na jumla yake ni 79, yaani A-. Yeye anapata 44.57. Amemtangulia binti yako kwa pointi moja na nusu ilhali katika masomo manne ya udaktari alishindwa kwa pointi moja. Kwenye kozi hii, ambayo mwanafunzi wa mwisho kuitwa katika vyuo vikongwe kama Nairobi huwa juu ya pointi 40 na watu hutofautiana kwa vipande vya pointi, moja na nusu ni umbali mkubwa sana. Watoto wengi walio mbele ya mwenzao namna hiyo huenda wote wakaitwa kabla yake.

Na binti yako hana pa kuificha Historia. Anayefanya masomo manane ana nafuu: tangu KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ya 2023, gredi ya wastani huchukua Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi, hivyo somo la nane lililo dhaifu huanguka. Wewe umenitajia masomo saba. Yote saba yatahesabiwa, na hilo la pointi 8 litamfuata mpaka mwisho.

Lakini nisikupeleke upande wa pili ukadhani kila somo lina thamani moja. Hapa ndipo penye utamu wa kanuni hii, na ndipo mwalimu wa jioni angeweza kuwa na hoja kama angepiga hesabu kabla ya kusema. Pointi moja ya Kemia huingia mara mbili: mara kwenye masomo manne, mara kwenye masomo saba. Pointi moja ya Historia huingia mara moja tu. Akipandisha Kemia kutoka A- hadi A, pointi zake zinatoka 43.03 hadi 43.80. Akipandisha Historia kwa hatua moja hiyo hiyo, kutoka B- hadi B, zinafika 43.33. Yaani hatua ya Kemia ina thamani ya mara mbili na nusu hivi ya hatua ya Historia.

Basi tumpime mwalimu kwa kipimo chake mwenyewe. Tuseme binti anaiacha Historia, na saa zile zinampa A ya Kemia. Ikiwa Historia itateremka hatua mbili, kutoka B- hadi C, anaishia 43.20. Amepata faida ndogo sana. Ikiteremka hatua tatu, hadi C-, anaishia 42.90, na hapo amepata hasara juu ya jasho lote alilotoa kwenye Kemia. Na mtoto aliyeambiwa na mtu mzima kwamba somo fulani halina maana, huwa hateremki hatua mbili akasimama. Nimewaona wakianza kwa kuruka zoezi la nyumbani, mwisho wa mwaka daftari lenyewe halijulikani liliko.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni haiwezi kulisema. Hatua ya kutoka A- hadi A ya Kemia ndiyo ghali kuliko zote. Hapo mtoto anatafuta alama chache za mwisho ambazo maelfu wanazitafuta. Hatua za kutoka B- hadi A- ya Historia ni tatu, lakini kwa msichana anayejua kusoma zinapatikana. Na hatua hizo tatu zingempeleka 43.92, juu ya pale ambapo ile A ya Kemia peke yake ingemfikisha.

Niseme kidogo jinsi zinavyopatikana, kwa sababu watoto wa sayansi huikosea Historia kwa njia moja. Karatasi ya kwanza ya Historia na Serikali ina alama 100. Sehemu ya C, inayohusu serikali ya Kenya, ina alama 30. Hiyo ni Katiba, Bunge, mahakama, kaunti, mambo anayoyasikia redioni kila siku. Swali likisema *taja*, hoja moja hupata alama moja. Likisema *eleza*, kila hoja hubeba alama mbili, na ya pili hutolewa kwa maelezo. Mtoto aliyezoea kujibu Biolojia kwa maneno manne huandika hoja sita za kutaja pale alipoambiwa aeleze, akapata 6 badala ya 12, kisha akasema Historia ni ngumu. Chukua karatasi yake ya mwisho, Mama, uangalie maswali ya *eleza*. Nadhani utaikuta hasara yake yote hapo.

Kwenye Kemia nako angalia kitu kimoja. Karatasi ya tatu, ile ya maabara, ina alama 40 kati ya 200. Katika jedwali la titresheni, jaribio la kupima kimiminika kwa mrija uitwao bureti, kuna alama inayotolewa kwa desimali tu: ukisoma bureti kwa nafasi moja ya desimali, soma zote kwa nafasi moja; ukisoma kwa mbili, zote ziwe mbili na ya mwisho iwe 0 au 5. Anayeandika 22.5 kisha 22.45 amekwisha ipoteza, na kemia yake anaijua. Mtoto wa A- hapungukiwi na maarifa, hupungukiwa na alama ndogo ndogo za namna hiyo. Hazihitaji kuibiwa saa za Historia ili zipatikane. Zinahitaji kuingia maabara mara nyingi, na kama shule yake haiwapeleki, hilo ndilo la kwenda kulilalamikia.

Tazama tena orodha ya klasta. Lugha imo. Kwa binti yako lugha hiyo ni Kiswahili, kwa kuwa ana A- huku na B kule, na inachukuliwa iliyo juu. Kwa hiyo kila pointi ya Kiswahili nayo inaingia mara mbili, sawa kabisa na ya Kemia. Hili huwashangaza wazazi, wengi hawaamini mpaka niwaonyeshe. Mtoto wa Malindi anayetaka udaktari ana somo la klasta ambalo analizungumza tangu anyonye, na bado utamkuta anafanya mazoezi ya Fizikia usiku kucha huku Fasihi haijafunguliwa. Fasihi ina alama 80, Lugha 80, Insha 40. A- ya Kiswahili ikiwa A, anafika 43.80, sawasawa na ile A ya Kemia. Kama ningekuwa na saa moja tu ya ziada ya kumpa kila jioni, ningeipeleka kwenye Fasihi kabla ya kuipeleka popote.

Fizikia yake, kwa upande wake, kwa sasa haimo kwenye klasta, kwa sababu Hisabati iko juu yake. Inahesabiwa kwenye saba tu, kama Historia. Yaani katika hesabu ya udaktari, B+ yake ya Fizikia na B- yake ya Historia ziko daraja moja, ingawa moja inaitwa sayansi na nyingine haiitwi. Simwambii aiache, kwani Hisabati ikimponyoka siku ya mtihani, Fizikia ndiyo itakayoingia mahali pake. Lakini neno *sayansi* lisikudanganye. Uliza kila mara: somo hili liko kwenye nne, au liko kwenye saba tu?

Sasa hesabu hii isikufanye uone 43.03 kama namba iliyoandikwa kwenye mwamba. KUCCPS haitumii herufi tupu. Hutumia kielezo cha ufaulu kinachotokana na alama zenyewe alizopata mtahiniwa, hivyo A- iliyokaribia A haifanani na A- iliyoponea chupuchupu, hata kama kwenye cheti zimeandikwa sawa. Ndiyo maana wanafunzi wawili wenye gredi zile zile hupewa pointi tofauti, na ndiyo maana pointi rasmi mara nyingi huwa chini ya zile ulizokokotoa nyumbani. Uitumie kanuni kulinganisha: kipi kinaongeza zaidi, kipi kinapunguza zaidi. Kwa kazi hiyo inafaa sana.

Vilevile pointi za mwaka uliopita unazoziona zimeandikwa mbele ya jina la chuo si alama za kufaulu. Ni pointi za yule aliyekuwa wa mwisho kuitwa mwaka ule. Waombaji wazuri wakiwa wengi, zinapanda. Nafasi zikiongezwa, zinashuka. Na kama binti yako yuko kidato cha tatu mwaka huu wa 2026, basi yumo katika darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, litakalofanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao wanakuja watoto wa mtaala mpya, waliojiunga na shule za upili za juu kwa mikondo. Hana sababu ya kupanga kwamba akikosa atarudia kama walivyofanya kaka zake.

Nirudi kwa mjomba, nisije nikaonekana nimempuuza. Huko Marekani kwa kawaida mtu haingii udaktari akitoka shule ya upili. Anasoma digrii ya kwanza, kisha anaomba. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia AMCAS, mfumo wa AAMC, ambao ni muungano wa vyuo vya udaktari vya huko, na mfumo huo hukokotoa wastani wa Biolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati peke yake, kisha wastani wa masomo yote kando yake. Wanaochagua huona namba zote mbili, pamoja na mtihani wa MCAT ambao alama zake huanzia 472 hadi 528. Hata huko mwenye sayansi nzuri na wastani mbovu wa jumla huulizwa kulikoni. Mjomba ameona namba moja akaisahau ya pili.

Dhana ya mwalimu wa jioni ingekuwa na nguvu zaidi kama ungekuwa unaishi ng'ambo ya Lungalunga. Tanzania mwanafunzi hufika kidato cha sita akiwa na tahasusi ya masomo matatu, PCB kwa anayetaka udaktari, na pointi zinazoangaliwa ni za Fizikia, Kemia na Biolojia. Historia aliiacha kidato cha nne. Uganda nako kuna utaratibu ulio wazi kuliko wetu: kwa muda mrefu Makerere imekuwa ikizidisha somo la lazima kwa 3, linalohusiana kwa 2, la nyongeza kwa 1. Kwa udaktari Biolojia na Kemia ndizo za kuzidishwa kwa 3. Ninapenda uwazi huo, kwa sababu mtoto wa Uganda anajua tangu mwanzo kila somo lina uzito gani. Sisi tumeuficha uzito ndani ya kipeuo cha pili, na matokeo yake kila mtu anabuni ya kwake, mpaka walimu.

Je, kanuni yetu ni ya haki? Mimi naiunga mkono, isipokuwa huo ufiche wake. Mwaka wa kwanza wa udaktari ni anatomia, fiziolojia na baiokemia, na mwenye Kemia dhaifu huteseka kweli. Lakini kinachowaangusha wengi ni wingi wa kusoma. Ni kurasa na kurasa za kusomwa, kupangwa kichwani na kuandikwa kwa maelezo yanayoeleweka, juma baada ya juma. Somo la shule linalofanana zaidi na kazi hiyo, ukiacha Biolojia, ni Historia. Halafu huyo daktari ataketi mbele ya mzee wa Magarini asiyejua Kiingereza, amweleze kwa nini dawa ya presha haiachwi siku anapojisikia vizuri. Kiswahili kukaa kwenye klasta ya udaktari ni jambo la maana sana kwangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa ripoti zake tatu za mwisho. Kwa kila muhula piga hesabu ya 45 na 72 kama nilivyoifanya, ujue anapanda au anashuka. Kisha muone mwalimu wa Historia wa shuleni, si wa jioni, na karatasi ya mtihani mkononi, umwombe akuonyeshe alama za *eleza* zilikopotelea. Huyo wa jioni akiendelea kumfundisha Kemia vizuri, mbakishe. Mwambie tu ratiba ya Historia haiguswi. Na kabla shule haijawasajili watahiniwa kwa KNEC, baraza la mitihani, mwanzoni mwa kidato cha nne, hakikisha kwa macho yako masomo yaliyoandikwa mbele ya jina lake ni yale yale saba. Shule ikikubali aongeze la nane analolimudu, kwa mfano Dini, huo ndio mwaka wa kuamua, kwani la nane likipita lile la pointi 8, linachukua nafasi yake bila mtu kuomba.